Meli Itazama, Nasi Tunatazama

Aliyekwenda kutazama filamu ya Titanic mwaka 1997 alijua tangu anakata tiketi kwamba meli itazama. Ilizama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wakafa katika maji baridi ya Atlantiki, na kwa miaka 85 iliyofuata kisa hicho kilisimuliwa vitabuni, magazetini na kwenye filamu nyingine. Hata hivyo James Cameron aliwakalisha watu vitini kwa zaidi ya saa tatu, na filamu yake ikaondoka na tuzo 11 za Oscar. Anayetazama saa yake ataona jambo moja: mwamba wa barafu unaigonga meli filamu ikiwa imeshapita nusu. Muda wote kabla ya hapo mtazamaji ameshikwa na vijana wawili, Kate Winslet na Leonardo DiCaprio, wakicheza wahusika wa kubuni waliopandishwa kwenye meli ya kweli.

Huo ndio ugumu wa filamu ya kihistoria. Hadithi ya kubuni inaweza kuuficha mwisho hadi dakika ya mwisho, lakini historia haina siri hiyo. Mandela atatoka gerezani, Lincoln atapigwa risasi, Amin ataangushwa. Swali la itakuwaje linakufa mapema, na mahali pake linabaki swali gumu zaidi: waliishi vipi na jambo hili, siku baada ya siku, wakiwa hawajui litaishia wapi? Jibu halipatikani kwenye maleba, magari ya zamani wala majumba yaliyopakwa rangi upya, maana vyote hivyo vinanunulika. Liko usoni mwa mwigizaji, na zaidi liko kati yake na mwenzake, katika namna wanavyotazamana, wanavyokatizana maneno na wanavyonyamaza pamoja. Waigizaji wakiivana, mtazamaji husahau alichosoma darasani. Wasipoivana, hukumbuka kila tarehe.

Tena kuivana huko kuna nguvu ambayo haisemwi vya kutosha. Ndiko kunakoamua historia ya nani itakaa moyoni mwa watu baada ya taa za ukumbi kuwashwa.

Mfano ulio wazi ni A United Kingdom, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Amma Asante. Inasimulia ndoa ya Seretse Khama, mrithi wa kiti cha uchifu wa Wabangwato katika Bechuanaland, na Ruth Williams, karani wa London. Walikutana mwaka 1947, wakaoana Septemba 1948, mwaka uleule ambao chama kilichoasisi sera ya apathaidi kiliingia madarakani Afrika Kusini. Uingereza ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini, ikaona afadhali kumtenga kijana huyo na nchi yake kuliko kuwaudhi watawala wapya wa jirani. Seretse alizuiwa kurudi kwao hadi mwaka 1956. Miaka 10 baadaye, Bechuanaland ilipopata uhuru na kuitwa Botswana, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Kisa hicho kikisimuliwa hivyo kinakuwa somo la uraia, na filamu nayo ingeweza kuangukia hapo, kwa sababu sehemu yake kubwa inapita ofisini, wanaume wenye suti wakitoa amri na kusogeza karatasi. Wanaoiokoa ni David Oyelowo na Rosamund Pike. Asante anawapa nafasi mapema, London, kwenye dansi na katika barabara za usiku, kabla siasa haijaingia mlangoni. Pike anamcheza Ruth kama mwanamke anayefikiri kabla ya kujibu, na Oyelowo anamcheza Seretse kama mtu aliyelelewa kujizuia, ambaye kwa mara ya kwanza kizuizi kinamponyoka. Kwa hiyo anaposimama mbele ya kgotla, yaani baraza la watu wake, kuwaomba wamkubali pamoja na mkewe, kisha sauti ikakatika na machozi yakamtoka, mtazamaji tayari anamjua anayeliliwa. Hotuba ya kisiasa inageuka kuwa kauli ya mume. Filamu inalegea pale tu inapowarudia wakubwa wa serikali ya Uingereza, ambao kila mmoja anacheza peke yake, akiwa na dharau moja isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka huohuo wa 2016 Jeff Nichols alitoa Loving, kuhusu Richard na Mildred Loving wa jimbo la Virginia, Marekani: mume Mzungu, fundi wa kujenga kwa matofali, na mke mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Marekani. Walioana Washington mwaka 1958, na wiki chache baadaye askari wakaingia usiku chumbani mwao, kwa kuwa sheria ya Virginia ilikataza ndoa ya namna hiyo. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo tarehe 12 Juni 1967 ikazifuta sheria hizo nchi nzima. Mwongozaji mwingine angeijaza filamu mawakili na majaji. Nichols ameiacha mahakama mbali, akabaki jikoni, uwanjani na kwenye kochi.

Uamuzi huo ulihitaji waigizaji wenye uwezo wa kubeba ukimya, naye akawapata. Joel Edgerton anatembea kama mtu ambaye mikono yake inajua kazi kuliko ulimi wake unavyojua maneno. Ruth Negga, mzaliwa wa Addis Ababa aliyekulia Ireland, anazungumza taratibu, macho yakitangulia sauti, na kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar. Mpigapicha wa jarida la Life anapofika nyumbani kwao, anawakuta wakitazama televisheni, mume amelaza kichwa mapajani mwa mke, wanacheka. Tukio hilo limetokana na picha halisi ya mwaka 1965. Hakuna hoja ya kisheria inayotamkwa, na bado kila hoja ya kesi ile imo mle: hawa ni mume na mke, na serikali haina cha kufanya kwenye kochi lao.

Watu wengi huona kuivana kwa waigizaji kuwa ni bahati tu, kwamba damu zao zimepatana au hazikupatana. Bahati ipo, lakini kazi ni nyingi zaidi. Mwigizaji hodari hupimika vizuri zaidi pale ambapo hasemi. Anayengoja tu zamu yake ya kusema huonekana, hata akiwa amevaa vazi la kifalme. Anayesikiliza kweli hubadilika kidogo kwa kila neno la mwenzake, shingo ikalegea au pumzi ikakatika, na mhariri anayejua kazi yake humrudia huyo msikilizaji wakati msemaji bado anaendelea. Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa jambo hili. Katika vibanda vya video, filamu za nje zimetazamwa kwa miaka mingi huku sauti ya mtafsiri ikifunika sauti za waigizaji: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Jingo kwa Uganda. Maneno ya asili hayasikiki, mengine yamegeuzwa kabisa, na bado watu waliobanana kwenye mabenchi hujua mara moja nani anampenda nani na nani anamwogopa nani.

Mapenzi ya kweli nje ya kamera hayatoshi kuleta mvuto huo. Elizabeth Taylor na Richard Burton walipendana wakiwa katika kazi ya Cleopatra, wote wawili wakiwa na ndoa zao, na magazeti ya dunia yakawaandika kila siku. Filamu ilipotoka mwaka 1963 ilikuwa imegharimu takriban dola milioni 44 za wakati ule, na studio ya Twentieth Century Fox ilikuwa karibu kufilisika. Ukiitazama leo unaona dhahabu, maandamano, maelfu ya watu na meli, na katikati yao wapenzi wawili wanaohutubiana. Kila mmoja anatoa tamko lake, mwenzake anangoja. Miaka mitatu baadaye watu walewale walifungiwa ndani ya nyumba moja kwa usiku mmoja katika Who's Afraid of Virginia Woolf?, wakirushiana maneno yenye sumu, na kila neno lilipata pa kutua. Taylor alishinda Oscar kwa kazi hiyo. Safari hii walikuwa wamepewa kitu cha kufanyiana.

Hofu nayo huwaunganisha waigizaji, pengine kuliko mahaba. Idi Amin, aliyetwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 na kukimbia Kampala majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Aprili 1979, ameigizwa mara kadhaa. Mwaka 1981 mwigizaji wa Kenya, Joseph Olita, alimcheza katika Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel. Olita alifanana na Amin kwa umbo kiasi cha kushtua, na wengi waliokua miaka ile Afrika Mashariki wanaikumbuka sura yake kuliko ya Amin mwenyewe. Lakini filamu ile ilimpa matukio ya kutisha yaliyopangwa moja baada ya jingine, na waliomzunguka walikuwa ama wahanga ama watumishi. Hakuwa na mtu wa kuvutana naye. Mtazamaji alitoka amechukizwa, bila kuelewa kwa nini watu wenye akili zao walimfuata mtu yule.

The Last King of Scotland, iliyoongozwa na Kevin Macdonald mwaka 2006 kutokana na riwaya ya Giles Foden, inajibu swali hilo kwa kuwaweka watu wawili chumba kimoja. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya uhusika wake, akazungumza na watu waliomjua Amin, na kazi ikafanyika Uganda kwenyewe. Mbele yake amewekwa James McAvoy, akicheza daktari kijana wa Uskoti, mhusika wa kubuni. Wanakutana barabarani baada ya ajali: mkono wa Amin umeumia, ng'ombe aliyegongwa analia, na daktari, kwa kukosa subira, anachukua bastola na kumuua mnyama. Kwa sekunde chache askari hawajui wafanye nini, wala mtazamaji hajui. Kisha Amin anagundua kuwa kijana ni Mskoti, anafurahi, na wanabadilishana nguo, jenerali akichukua fulana ya Uskoti na kumpa daktari shati lake la kijeshi.

Katika tukio hilo filamu nzima imeshaelezwa. Whitaker anaweka cheko na tishio katika uso uleule, na McAvoy anaonyesha raha ya kijana aliyechaguliwa na mkubwa. Tunamwona akilewa sifa hatua kwa hatua, na bila kukusudia tunalewa naye. Baadaye, Amin akiwa ameshawafukuza Waasia wa Uganda na dunia imekasirika, anamlaumu daktari kwa kutomshauri. Daktari anajibu kwamba alimshauri. Amin anamwambia kuwa hakumshawishi. Whitaker analisema hilo kwa uchungu wa mtoto aliyeonewa, na hapo mtawala wa mabavu anaeleweka kuliko katika vitisho vyote vya filamu ya 1981. Oscar aliyoipata mwaka 2007 ilimstahili, ila nusu ya kazi ile ni ya McAvoy, ambaye alikuwa akitazama.

Kisa hichohicho cha Waasia wa Uganda kilikuwa kimeshapata filamu iliyo bora kwa njia nyingine: Mississippi Masala ya Mira Nair, mwaka 1991. Denzel Washington na Sarita Choudhury wanapendana katika mji mdogo wa Marekani, na mvuto wao ni mkali hata wanapozungumza kwa simu, kila mmoja kitandani kwake. Uhusiano unaoibeba historia, hata hivyo, ni wa baba wa msichana na Okelo, rafiki yake Mwafrika aliyemwacha Kampala mwaka 1972. Matukio yao ni machache. Baba anaishi miaka mingi akiwa na kinyongo juu ya neno moja aliloambiwa na rafiki huyo, na kufukuzwa kwa makumi ya maelfu ya watu kunapimwa kwa urafiki mmoja uliovunjika.

Wala si lazima wawili hao wawe wapenzi au mahasimu. Katika The First Grader ya mwaka 2010, Oliver Litondo, aliyewahi kuwa mtangazaji wa televisheni Kenya, anamcheza Kimani Maruge, mzee aliyepigana Mau Mau na kuandikishwa darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Naomie Harris ni mwalimu wake, na darasani wamejaa watoto wa kijijini ambao hawakuwa waigizaji. Ndipo penye utamu wa filamu ile. Watoto hawajui kuigiza kusikiliza, kwa hiyo wanasikiliza kweli, na Litondo anashuka hadi kimo chao bila kujidhalilisha. Penseli inapochongwa, kumbukumbu ya mateso ya kizuizini inamrudia mzee, na mwili wake wote unasema kabla picha za zamani hazijaletwa kuelezea. Picha zenyewe hazikuhitajika sana.

Nguvu hii ina hatari yake, na anayeipenda sanaa ya filamu hana budi kuisema. Katika The Last King of Scotland, Kay, mke wa Amin, anachezwa na Kerry Washington, na filamu inambunia uhusiano wa siri na daktari wa kubuni. Kay alikuwa mtu wa kweli. Alikufa mwaka 1974, na mwili wake ulikutwa umekatwa viungo. Kifo chake kimegeuzwa kuwa matokeo ya penzi na mtu ambaye hakuwapo, na kwa kuwa Washington na McAvoy wanaivana vizuri, mamilioni ya watazamaji wanaondoka wakidhani ndivyo ilivyokuwa. Wangeigiza vibaya, uongo huo ungejulikana haraka.

Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyopata Oscar 7 kwa kazi iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 1985, ina tatizo la aina nyingine. Meryl Streep alijitahidi kuipata lafudhi ya Kidenmaki ya Karen Blixen, huku Robert Redford akimcheza Denys Finch Hatton, mwana wa ukoo wa kitajiri wa Kiingereza, kwa lafudhi yake ya Kimarekani. Watu walimsamehe kwa sababu anapomwosha Streep nywele kando ya mto hakuna anayekumbuka lafudhi. Lakini uhusiano wenye kina zaidi mle ni wa Streep na Malick Bowens, anayemcheza Farah, msimamizi wa nyumba, Msomali. Wanapoagana stesheni mwaka 1931, Karen anamwomba alitamke jina lake, na Bowens anaweka katika maneno machache heshima, majonzi na umbali ambao ukoloni uliuweka kati yao. Ni tukio bora kuliko yote ya Redford. Wakikuyu, ambao shamba lile lilikuwa juu ya ardhi yao, hawakupewa chochote cha namna hiyo. Wanaonekana wakilima, wakiugua, wakimsikiliza bibi mwenye shamba. Ni vigumu kukumbuka tukio ambalo wawili wao wamekaa kuzungumza wao kwa wao juu ya ardhi hiyo. Asiyepewa mtu wa kutazamana naye kwenye skrini hubaki mandhari, hata kama nchi ni yake.

Hotel Rwanda ya mwaka 2004 inauliza swali chungu zaidi. Don Cheadle na Sophie Okonedo waliteuliwa wote wawili kuwania Oscar, na walistahili. Juu ya paa la hoteli, baada ya chakula cha jioni kilichoanza kwa utani wa wanandoa, mume anamwomba mke achukue watoto na kujirusha endapo wauaji watafika, wasife kwa panga. Okonedo kwanza haamini, kisha anaelewa. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, yaliyoua watu wapatao laki 8 au zaidi, yanaingia katika mazungumzo ya watu wawili, na hakuna takwimu inayoweza kufanya hivyo. Hata hivyo baadhi ya manusura wa hoteli ile wamepinga taswira ya shujaa iliyochorwa na filamu, na Paul Rusesabagina mwenyewe, ambaye Cheadle anamcheza, alihukumiwa Rwanda mwaka 2021 kwa makosa ya ugaidi katika kesi iliyolaumiwa na wengi nje ya nchi, kisha akaachiwa mwaka 2023. Mjadala huo wote haujaugusa uso wa Cheadle, ambao kwa watazamaji wengi ndio uso wa kisa kile.

Kwa kuwa uso wa kwenye skrini ndio unaobaki, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilikuwa na uzito mkubwa ilipofika tamasha la Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Mzanzibari, na inazungumza Kiswahili. Wakati ni wa mwisho wa utawala wa Waingereza Zanzibar. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri mkubwa, ameikimbia ndoa, naye Denge ni kijana wa harakati anayewindwa na polisi. Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika hawakuwa majina makubwa, na Shivji hakuwajaza hotuba. Anawaacha wakaribiane taratibu gizani, kwenye vichochoro na vyumba vidogo, wakati mwingine muda mrefu kuliko mtazamaji alivyozoea. Siasa ya ukombozi inafika kupitia hofu ya kuguswa na hamu ya kuguswa. Mwajuma, anayechezwa na mwimbaji Siti Amina, naye ana kazi kubwa: urafiki wake na Yasmin ndio unaoonyesha Zanzibar ya wanawake, ile isiyoandikwa kwenye majalada ya polisi wa kikoloni.

Visa vya namna hiyo havijaisha pwani wala bara. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam kabla ya kujiunga na chama cha TANU mwaka 1955, na ndiye aliyewaleta wanawake kwa maelfu kwenye mikutano ya Julius Nyerere. Baadaye alipatikana na hatia ya uhaini chini ya serikali ya Nyerere huyohuyo, akafungwa, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa rais. Mwongozaji atakayejaribu kukifanya kisa hicho filamu atapata maleba ya miaka ya 50 kwa fundi yeyote mzuri wa Kariakoo, na magari kwa watunzaji wa magari ya kale. Kazi ngumu itakuwa kuwapata waigizaji wawili, mwanamke mwenye sauti inayoamsha uwanja mzima na mwanamume mwenye ucheshi mwembamba wa mwalimu, kisha kuwapa wiki kadhaa za mazoezi kabla ya kamera kuwashwa, ili mwaka wa kesi ukifika watazamaji wawe bado wanawasikia wakicheka pamoja mwaka 1955.